Kurekebisha kiti cha dereva: kuanzia sponji hadi bolti za sakafuni

Ukitaka kujua kiti chako kina kasoro gani, weka spana pembeni kwanza. Subiri umalize safari ndefu, ya Dar es Salaam hadi Dodoma au Nairobi hadi Kisumu, kisha ujiulize ni wapi hasa panauma. Mwili wa dereva hutaja kona ya kiti yenye shida kwa usahihi kuliko fundi anayekichungulia kwa nje.

Paja likifa ganzi karibu na goti, ukingo wa mbele wa kiti umeinuka mno, au kiti chenyewe ni kirefu kiasi kwamba kinabana nyuma ya goti. Makalio yakichoma huku mapaja yako hewani, tatizo limegeuka: mbele pamelala, na uzito wote wa mwili umerundikana nyuma. Shingo na mabega yakiuma, egemeo limelazwa sana na mikono inaufuata usukani kwa mbali. Maumivu ya muundi na kifundo cha mguu wa kulia hutokana na kisigino kisichotulia sakafuni, kwa sababu kiti kiko juu au mbali na pedeli. Kiuno kina sababu nyingi, na moja ni ya kuondoa leo hii bila gharama: pochi iliyokaa mfuko wa nyuma wa suruali. Inainua nyonga ya upande mmoja, na uti wa mgongo unakaa upande kwa saa zote unazoendesha.

Andika unapoumia. Kila hatua inayofuata inategemea hapo, maana kuinua mbele ya kiti kunamponya mmoja na kumwumiza mwingine.

Mwongozo huu unahusu magari madogo ya Kijapani tunayoendesha wengi wetu: Vitz, IST, Passo, Probox, Fielder na ya aina hiyo. Mengi yana kiti kinachosogea mbele na nyuma na egemeo linalolala na kuinuka, basi. Baadhi yana wenzo wa kuinua kiti, mengine hayana, na usukani wa mengi hupanda na kushuka tu bila kumsogelea dereva. Hapo ndipo mtu mrefu na mtu mfupi wote wawili wanapobanwa. Hiace siihusishi, kwa sababu injini yake iko chini ya viti vya mbele na kazi ya kugusa viti vile ina masharti yake.

Kwanza tumia kile ambacho gari linacho

Madereva wengi hawajawahi kupanga kiti chao sawasawa. Walikikuta kilivyo siku gari lilipotoka bandarini wakaendelea. Kwa hiyo panga upya kwa utaratibu huu, ukianzia miguuni na kupanda juu, kwa kuwa pedeli hazisogei na kila kitu kingine kinazifuata.

Vaa viatu unavyoendeshea kila siku. Kaa, kisha rudisha makalio nyuma mpaka yagusane kabisa na egemeo. Kama gari ni la gia za mkono, kanyaga klachi hadi mwisho. Kama ni otomatiki, washa injini kwanza ndipo ukanyage breki kwa nguvu, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pedeli hukaza juu na itakudanganya. Mguu ukiwa umefika mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Goti likinyooka kabisa, sogeza kiti mbele. Mguu ulionyooka na kukaza hauna nguvu ya kukanyaga breki ya dharura, na gari likigonga, kishindo hupanda moja kwa moja hadi kwenye nyonga.

Sasa egemeo. Liweke digrii 100 hadi 110 kutoka kwenye kalio la kiti, sehemu unayokalia, yaani limelala kidogo tu kupita wima. Mabega yakiwa yameegemea, nyosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kinatakiwa kutua juu ya duara bila bega kubanduka. Ukishika usukani pembeni, kushoto na kulia, viwiko viwe vimekunjwa kwa raha.

Kisha pima umbali wa kifua. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri angalau inchi 10, karibu sentimita 25, kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani, kwa sababu mfuko wa hewa hufumuka kwa kasi kubwa mno na aliye karibu nao hupigwa ungali unafumuka. Kwa dereva mfupi hili ndilo gumu zaidi: akisogea kufikia pedeli, kifua kinaukaribia usukani. Tiba ya kwanza ni kulaza egemeo kidogo zaidi na kushusha usukani uelekee kifuani badala ya usoni.

Kihimili cha kichwa kipandishe mpaka ncha yake ya juu ilingane na utosi. Wengi hukiacha kimezama chini, na kikiwa pale gari likigongwa kwa nyuma, shingo hupinda juu yake. Vioo vipange mwisho kabisa.

Piga picha ya kiti kilipo, au bandika kipande cha utepe kwenye reli, halafu endesha hivyo kwa siku kadhaa. Mwili uliozoea mkao mbaya hulalamika ukipewa mzuri, na kuhukumu kwa siku ya kwanza ni mapema mno.

Sponji huja kabla ya bolti

Gari lililotumika miaka 15 lina sponji iliyochoka, na imechoka kwa upande. Bonyeza kalio la kiti kwa kiganja, upande wa katikati ya gari kwanza, halafu upande wa mlango. Kwenye gari la usukani wa kulia, utakuta upande wa mlango unazama zaidi, maana ndio dereva anaoburuza makalio kila anapoingia na kutoka. Hapo una kiti kinachokulaza upande mmoja, na hakuna chuma utakachoweka chini kitakachokinyoosha.

Fundi wa viti mzuri hufungua kava kwa chini, anakata vipete vya waya vinavyolishikilia, anatoa sponji na kuchungulia waya na springi zilizoibeba. Waya uliokatika hubadilishwa au hufungwa upya. Halafu anaongeza sponji ngumu pale palipolala. Msisitizie ngumu. Ile laini ya makochi hupendeza dukani, lakini ndani ya muda mfupi imebonyea na umerudi ulikoanzia.

Kwa dereva mfupi, hapa ndipo pa kupata kimo. Sentimita 2 au 3 za sponji ngumu ndani ya kava humwinua bila kugusa bolti hata moja. Dereva mrefu anaweza kufanya kinyume chake: fundi achonge sponji kidogo sehemu ya makalio, aache ya mapajani ilivyo, na kichwa kitashuka kutoka kwenye paa huku mapaja yakipata pa kuegemea.

Mto wa kukalia, ule unaowekwa juu ya kiti bila kufungwa, siupendekezi kwa dereva. Gari likisimama ghafla mto huteleza mbele pamoja na makalio, na mkanda wa kiunoni unahama kutoka kwenye mifupa ya nyonga kupanda tumboni, mahali ambapo hakuna mfupa wa kuubeba. Mama mzazi mtarajiwa ndiye asiujaribu kabisa.

Kabla fundi hajashika mkasi, tazama ubavu wa egemeo upande wa mlango. Ukiona kibandiko kidogo kilichoandikwa SRS AIRBAG, ndani yake kuna mfuko wa hewa unaopasua mshono wa pale ili utoke. Mshono huo usishonwe upya kwa uzi wa kawaida na usifunikwe kwa kava lililobana. Kava nyingi za ngozi bandia tunazovalisha magari zinauziba kabisa, na mwenye gari hana habari.

Kile bolti zinachobeba

Ukifika hapa na bado kiti hakijakukaa, sasa tuzungumzie chuma. Naomba usome sehemu hii kabla ya kuchukua spana.

Kwenye magari mengi, kishikio cha mkanda, kile unachochomeka ulimi wake, kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Maana yake kiti ni sehemu ya mkanda. Gari likigonga, mwili wako unavuta mkanda, mkanda unavuta kiti, na kiti kinavuta bolti nne za sakafuni. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu nguvu za viti hutaka kiti na vishikizo vyake vistahimili mshtuko wa mara 20 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kiti cha kilo 20 kwa mshtuko huo kinavuta kama mzigo wa kilo 400, kabla hujamhesabu aliyekikalia. Kanuni namba 14, ya vishikizo vya mikanda, hutaka mkanda wa pointi tatu wa gari dogo uvutwe kwa nyutoni 13,500 begani na 13,500 nyingine kiunoni. Kila moja ni zaidi ya uzito wa kilo 1,300.

Ndiyo maana nakataa kabisa vipande vya mbao, mpira, na rundo la washa nyembamba (vile visahani vya chuma vya kuweka chini ya bolti) lililopangwa hadi likafika kimo kinachotakiwa. Mbao hubonyea na kupasuka, mpira hunywea, bolti inalegea. Rundo la washa huteleza moja juu ya nyingine, na bolti inaanza kupinda kwa ubavu wakati iliundwa kuvutwa. Vilevile nakataa kuchomelea reli au kukata miguu ya kiti. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma kile, na kwa macho kitaonekana kizima.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wengi hawakitaji: pembe. Mguu wa kiti umetengenezwa ulale bapa juu ya sakafu. Ukiinua mbele peke yake kwa milimita 10, na umbali kati ya bolti ya mbele na ya nyuma ni kama milimita 380, kiti kizima kimeinama kwa digrii moja na nusu. Miguu ya nyuma haijalala tena bapa, imekanyaga kwa ukingo. Kwa kiasi hicho chuma cha mguu hujipinda na kukubali. Zaidi ya hapo unalazimisha. Kwa hiyo mpaka wangu ni milimita 10 kwa kuinua mbele tu, na milimita 15 kama unainua kona zote nne kwa pamoja. Anayehitaji zaidi ya hapo atafute kiti kingine, nami nitakieleza mwishoni.

Vifaa

Utahitaji soketi namba 14, ambayo ndiyo saizi ya vichwa vya bolti za viti kwenye Toyota nyingi, mpini wa racheti na kiongezeo chake, namba 10 ya kufungulia betri, bisibisi bapa ya kubandua vifuniko vya plastiki, brashi ya waya, na mafuta ya kulegeza kutu. Spana ya kupimia ukazaji, ambayo mafundi huita toki renchi, azima kama huna.

Vinyanyuo, yaani vipande vitakavyokaa chini ya miguu ya kiti kuiinua, vichongeshe kwa fundi wa kuchonga vyuma. Mwambie unataka vipande vya duara vya chuma kigumu, kila kimoja kipande kimoja, upana wa angalau milimita 30, tundu la katikati liingie bolti bila kucheza, na nyuso mbili ziwe sambamba. Viwe pea yenye unene sawasawa. Alumini usikubali kwa sababu ni laini kuliko mguu wa kiti.

Bolti nazo ni lazima zibadilike. Ukiweka kinyanyuo cha milimita 8 na kurudisha bolti ileile, umeyanyima meno ya sakafuni milimita 8 za kushikia, na huenda zimebaki chache mno. Bolti mpya iwe ndefu kwa unene wa kinyanyuo. Chukua ya zamani uende nayo dukani, na ulinganishe meno kwa kuziweka ubavu kwa ubavu hadi meno ya moja yakae ndani ya meno ya nyingine bila mwanga kupita. Kichwani isomeke 10.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 ni nguvu ya kuvutwa hadi kukatika, yaani megapaskali 1,000. Ya pili inaonyesha kwamba bolti huanza kurefuka kwa asilimia 90 ya nguvu hiyo. Bolti isiyo na namba yoyote kichwani iache kwa kufungia mageti.

Halafu lala chini ya gari uangalie bolti inatokea wapi. Mara nyingine karibu na tundu hupita bomba la breki au la mafuta, na bolti iliyozidi urefu inaweza kulifikia.

Kazi yenyewe

Egesha gari pakavu pasipo mteremko, vuta breki ya mkono. Ikiwa kiti kinatumia umeme, kisogeze sasa hivi, kwani baada ya kufungua betri hakitasogea.

Sogeza kiti mbele kabisa. Nyuma ya reli utaona vifuniko viwili vya plastiki. Vibandue kwa bisibisi taratibu kwa sababu vikizeeka huwa vikavu na hukatika vikonyo. Legeza bolti za nyuma kwa mizunguko kadhaa tu, usizitoe. Rudisha kiti nyuma kabisa ufikie za mbele.

Zima gari, toa ufunguo, fungua betri upande wa hasi, kisha usubiri. Miongozo ya Toyota hutaka angalau sekunde 90, ili umeme uliohifadhiwa kwa ajili ya mifuko ya hewa uishe. Mimi hushauri dakika tano kamili, na muda huo upige brashi kwenye meno yaliyojaa mchanga.

Inama uangalie chini ya kiti kwa tochi. Utaona nyaya zimefungwa pamoja, na kama kiti kina mfuko wa hewa utaona plagi ya njano. Rangi hiyo hutumika kwa nyaya za mfumo wa mifuko ya hewa. Ina kifungio kidogo juu ya kifungio: cha kwanza kinavutwa nyuma hadi kigonge, ndipo cha pili kinabonywa na plagi kuachia. Anayeivuta kwa nguvu hukata jino lile, na plagi isiyo na jino hulegea kwa mitikisiko ya barabara za makorongo mpaka taa ya SRS, ile ya hitilafu ya mifuko ya hewa, inawaka dashibodini. Uzuri ni kwamba kwa kuinua mbele peke yake huhitaji kuifungua. Hakikisha tu kwamba nyaya zina ulegevu wa kutosha na hazijabanwa chini ya reli. Kama itabidi uifungue, usiwashe gari hata kidogo kabla ya kuirudisha, kwa sababu mfumo utahifadhi hitilafu na taa haitazima mpaka mashine ya kusoma makosa iifute.

Sasa toa bolti za mbele zote mbili. Inua ukingo wa mbele wa kiti kwa mkono mmoja, upenyeze kinyanyuo chini ya kila mguu, tundu juu ya tundu. Kapeti lisibaki katikati ya chuma na chuma; likate kiduara pale mguu unapokaa, maana kapeti lililobanwa hunywea na kukulegezea bolti yote.

Ingiza bolti mpya kwa vidole. Hili ni muhimu sana: kwa vidole, angalau mizunguko minne au mitano, kabla racheti haijagusa. Nati iliyo chini imechomelewa kwenye sakafu, na ukiyaharibu meno yake kwa kulazimisha bolti iliyopinda, umejitengenezea kazi ya bodi. Bolti ikigoma, itoe, inua kiti kidogo, jaribu tena.

Zikiwa zote nne zimeshika, zikaze nusu. Kabla ya kumalizia, kaa ndani na usogeze kiti mbele na nyuma, mwendo wote, ukisikiliza kila kinapofunga. Reli mbili zinatakiwa zifunge kwa mlio mmoja. Ukisikia milio miwili iliyoachana, ya kushoto na baadaye ya kulia, reli haziko sambamba, na kufuli ya upande mmoja huenda haijaingia. Legeza, tikisa kiti kitulie mahali pake, jaribu upya. Kiti kilichofungwa upande mmoja kitakwenda vizuri mjini kwa miezi, kisha kitaachia siku ya kufunga breki kwa nguvu.

Milio ikiungana, kaza moja moja kwa mkingamo: mbele ya kushoto, nyuma ya kulia, na kadhalika. Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako. Toyota ndogo nyingi hutaka nyutoni-mita 37. Huna toki renchi? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au mizigo, uifunge kwenye mpini wa racheti sentimita 25 kutoka katikati ya bolti, uivute kwa pembe mraba mpaka isome kilo 15. Hapo umefika karibu kabisa na 37. Usisimame juu ya mpini. Bolti iliyokazwa kupita kiasi imeshaanza kurefuka na nguvu yake imepungua.

Rudisha betri. Washa bila kuondoka na utazame dashibodi: taa ya SRS iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache.

Mkanda ukaguliwe upya

Kiti kikibadilika kimo, njia ya mkanda inabadilika. Kaa, funga, uangalie. Utepe wa chini upite juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo. Utepe wa juu upite katikati ya bega, mbali na shingo, wala usianguke mkononi. Nguzo ya pembeni ya magari mengi ina kitelezi cha kupandisha na kushusha mkanda; kitumie. Kama kwenye gari lako kishikio kimefungwa sakafuni na hakipandi pamoja na kiti, hakikisha hakijazama mpaka utepe ukakunjika kwa pembe juu ya sponji. Kikizama hivyo, punguza kinyanyuo.

Angalia pia kisigino. Kiti kilichoinuka mbele humnyanyulia dereva mfupi mguu, na kisigino kikiachana na sakafu mguu utachoka kwenye ekseleta haraka kuliko zamani. Ikiwa hivyo, toa vinyanyuo vya mbele. Tatizo lako lilikuwa la sponji.

Mtu mrefu na kiti kisichorudi nyuma

Kuna wanaotengenezesha mapande marefu ya bapa la chuma, kiti kifungwe kwenye bapa na bapa lifungwe sakafuni, ili kiti kirudi nyuma sentimita 5 au zaidi. Sishauri lifanyike mtaani. Bapa la namna hiyo hugeuka wenzo: nguvu ya ajali haivuti tena bolti wima, inaipindua, na bolti ya nyuma inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Bila mtu wa kulipima, unakalia jambo ambalo hakuna anayejua litavumilia nini.

Njia bora ni kubadilisha kiti kizima. Mifano mingi ya Kijapani ilitoka kwa madaraja tofauti, na daraja la juu likawa na wenzo wa kimo au sponji yenye umbo jingine. Nenda Gerezani au Ilala ukiwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, Kisekka ukiwa Kampala, na utafute kiti cha modeli ileile yenye msimbo uleule wa chesisi. Nenda na rula. Pima umbali kati ya matundu ya mbele, kati ya ya nyuma, na kutoka mbele hadi nyuma. Linganisha plagi chini na kishikio cha mkanda. Sogeza reli mwendo wote ukiwa palepale dukani. Chunguza miguu kwa rangi iliyopasuka au mikunjo mipya, kwani kiti kilichotoka kwenye gari lililogongwa kinaweza kuwa kimeshapinda. Egemeo lenye mshono wa ubavuni uliochanika liache, kwa maana mfuko wake wa hewa umeshatumika.

Likishindikana hilo, kuna usaidizi mdogo ambao watu warefu huusahau: inua usukani juu kabisa, ongeza sponji ngumu kwenye ukingo wa mapaja peke yake, na nyanyua egemeo kuelekea wima. Goti linapata nafasi, na kichwa kilichokuwa kikitazama barabara kwa kuinama kinapata kutulia.

Baada ya kilomita mia

Chuma kipya hujitafutia mahali pake. Ukishatembea kama kilomita 100, hasa kwenye barabara ya vumbi, rudi na toki renchi ukague bolti zote nne kwa kiwango kilekile. Bolti iliyozunguka kidogo ikaze na uiangalie tena baada ya safari nyingine. Iliyozunguka mara ya pili itoe kabisa uchunguze chini yake: karibu kila mara utakuta nyuzi za kapeti, rangi iliyobonyea, au kinyanyuo ambacho nyuso zake hazikuwa sambamba. Kiti kikigonga ukipita matuta ingawa bolti zimekaza, mlio unatoka kwenye reli yenyewe. Ifute mchanga kwa brashi, uipake grisi kidogo upande wa ndani, na umwombe mtu akae mbele huku wewe ukisikiliza kwa nyuma ni upande gani unaolia.